Hajafika Kwenye Ila

Walisema mama yangu amegoma.

Neno hilo nilipewa mlangoni siku ya Jumapili, hata kofia sijavua. Aliyenipa alikuwa Metroni wa ile nyumba ya kuuguzia wazee, mwanamke wa sauti laini anayekupa habari mbaya kama anayekukaribisha kiti. Alisema mama amegomea mazoezi wiki nzima. Akiinuliwa, anakaa. Akishikizwa zile reli za kujifunzia kutembea, anaziachia na kurudi kwenye kiti. Kwa hiyo Alhamisi, Daktari akija kwenye raundi yake, wataamua. Mgonjwa asiye na nia hana haja ya kuzuia kitanda cha mazoezi, atahamishiwa wodi ya nyuma.

Wodi ya nyuma niliijua. Kila mwenye mzazi pale aliijua, na waliitaja kwa sauti ya chini kama watu wanaotaja deni. Iko ng'ambo ya kamba za kuanikia mashuka, madirisha yake yako juu kiasi kwamba aliyelala haoni kitu isipokuwa kipande cha mbingu. Huko hakuna reli wala mtu wa mazoezi, na hakuna anayekuambia inuka. Unalishwa, unageuzwa wakikumbuka, unangoja. Sijamwona hata mmoja aliyetoka kule kwa miguu yake.

Mama alivunjika nyonga alipoteleza bafuni kwa dada yangu. Hospitali walimtia chuma, wakasema mfupa umekaa vizuri, sasa afundishwe tu kutembea mahali pa kuaminika. Mahali pa kuaminika ndipo hapo. Getini pana bango kubwa: TUNAWATUNZA KAMA WAZAZI WETU. Siku tuliyompeleka nililisoma, nikamuuliza askari wa geti wazazi wa Meneja wanatunziwa chumba gani. Askari alicheka mpaka akakohoa. Dada akanifinya.

Dada yangu ni fundi cherehani na ananifinya tangu utotoni. Ana sababu zake. Mimi shule niliiacha mapema, lakini kiwandani nilisoma kila karatasi iliyobandikwa ukutani, na ile ya sheria za kazi niliisoma mpaka ikaniingia kichwani kama sala. Wenzangu wakaniita Kipaza Sauti. Wakubwa waliniita majina mengine, na mwisho wakanionyesha geti. Basi neno kugoma mimi silichezei. Nimeshiriki migomo, nimeiongoza, nimelala ndani kwa ajili yake, na jambo moja nalijua kama ninavyojua kiganja changu: hakuna mgomo usio na dai. Mikono haiachi kazi kwa sababu imependa kupumzika. Na mama yangu alitaka kurudi nyumbani kuliko kitu chochote duniani. Kila nikienda alikuwa akiniuliza kama dada bado anaunguza sufuria zake, kama yule jirani ameshaziba tundu la ukuta. Mtu wa namna hiyo anagomea miguu yake mwenyewe?

Nikaingia chumbani.

Vitanda vilikuwa viwili. Cha karibu na mlango kilikuwa cha Bi Posta, aliyeitwa hivyo kwa sababu alipanga barua za watu maisha yake yote na bado alijua nani aliandikiwa na nani. Cha dirishani kilikuwa cha mama. Kamba ya kengele ya kumwita muuguzi ilikuwa imefungwa fundo juu, mahali ambapo hata mimi ningeifikia kwa kuruka. Chai ya mama ilikuwa baridi kando ya kitanda. Na palikuwa na harufu. Haikuwa kali, lakini ilikuwa tamu kidogo, kama ya tunda lililosahauliwa kabatini.

Nikamwamkia mama, akaitikia marahaba. Nikamuuliza hujambo, akasema hajambo. Habari za hapa? Nzuri, mwanangu. Chakula je? Wanatupa. Unalala? Namshukuru Mungu.

Alikuwa amekonda. Blanketi amelikunja na kulibana chini ya miguu yake kama mtu anayefunga mzigo. Nilipotaka kulinyoosha akanipiga mkono. Soksi nimevalishwa na wenyewe, akasema, ziache. Zilikuwa zile soksi za kijani wanazowapa wote, zenye vipande vya mpira chini ili wasiteleze.

"Mama, wanasema huinuki. Kwa nini?"

"Nitainuka. Ni uchovu tu, mwanangu. Ila..."

"Uchovu wa nini?" nikamkatiza, maana damu ilikuwa imeshanipanda. "Wanakuchosha na nini, na kengele wameifunga darini kama popo?" Nikatoka kumtafuta Metroni. Nikamwambia yote: kengele, chai baridi, harufu. Kengele, akasema, imefungwa kwa sababu wazee wanajinasa. Chai ni ya moto inapotoka jikoni. Harufu ni bomba la choo, fundi ameshaitwa. Kila jambo alikuwa na jibu lake limekunjwa vizuri kama shuka. Nikapaza sauti mpaka wageni wa vyumba vingine wakachungulia.

Niliporudi, mama alikuwa ameuelekea ukuta.

"Umemaliza mkutano wako?" akauliza. "Marehemu baba yako naye alikuwa na maneno kama redio. Niliumwa jino mwaka mzima katika nyumba ile, hakujua mpaka lilipong'oka mezani."

Bi Posta akacheka puani. Kisha akaniita kwa kidole, nikainama. Akaninong'oneza kwamba pale siku hizi wanaoga pasipoti.

"Pasipoti ni nini, Bi?"

"Uso na mabega. Kama unapigwa picha." Akaonyesha kwa mkono mahali picha inapoishia, chini kidogo ya kifua. "Huko kwingine si kwao."

Nikacheka, Mungu anisamehe. Nililichukua kama mzaha wa wazee. Nilimuuliza mbona hasemi kwa wakubwa. Akatazama mlango kwanza. Akasema kabla ya mama, kitanda cha dirishani kilikuwa cha mwenzake mmoja aliyelalamika kuhusu maji ya kunywa, akalalamika tena, wakamwita msumbufu. Sasa yuko nyuma ya mashuka. Kisha akajifanya amelala.

Jumatano jioni nilikwenda kwa dada. Alikuwa anashona sare za shule, sindano mdomoni, lakini akapata njia ya kunisema hivyo hivyo. Metroni alikuwa amempigia simu. Kwamba mdogo wake ameleta fujo. Kwamba nyumba ile si kiwanda. Kwamba familia isiyoridhika iko huru kumchukua mgonjwa wake. Dada akatoa sindano mdomoni ili nisikie vizuri. Tumpeleke wapi, akaniuliza. Kwake ni ghorofani, ngazi nyembamba, choo cha pamoja. Kwangu ni chumba kimoja na paa linalovuja. Tukifukuzwa pale, mama hatajifunza kutembea tena, na tukikaa vibaya na wale watu watamtupa nyuma. Kote ni kulala mpaka mwisho.

"Kesho utanyamaza," akasema. "Niahidi kwa uhai wa mama."

Nikaahidi. Nilitoka pale nimebeba ahadi mdomoni kama kaa la moto.

Alhamisi tulikaa pembeni mwa kitanda, dada upande huu, mimi ule, tumenyooka kama watu waliokwenda posa. Harufu ilikuwa imezidi. Mtu fulani alikuwa amepulizia marashi ya chooni, sasa zilikuwa harufu mbili zinazopigana. Mama alikuwa na jasho juu ya mdomo ingawa dirisha lilikuwa wazi. Dada akamgusa paji la uso, akanitazama, akatazama chini.

Raundi ikaingia. Daktari mbele, kijana mwenye viatu vizuri na adabu, anayekuja mara moja kwa wiki. Metroni ubavuni kwake, na nyuma yao yule mtu wa mazoezi, anatazama kucha zake. Wakaanza na Bi Posta. Shikamoo, Bi. Marahaba. Hujambo? Sijambo, baba. Wakampita. Hata kivuli chao hakikukaa kitandani.

Wakaja kwetu. Daktari akamwamkia mama kwa heshima zote, akamuuliza hujambo, akajibiwa sijambo.

"Maumivu je, mama?"

"Nafuu, baba. Nzuri tu."

Daktari akamgeukia Metroni. Metroni akaeleza kwa ile sauti yake laini kwamba maumivu hana, mwenyewe amesema, na hivyo ndivyo anavyosema kila siku wakimuuliza. Nyonga imepona. Kilichobaki ni nia, na nia haishonwi kwa uzi. Mtu wa mazoezi akasema ndiyo, amegoma. Daktari akatikisa kichwa kwa huruma, akasema basi itabidi. Akaanza kugeuka.

Hapo ndipo kiwanda kiliponijia.

Sisi tulikuwa tunapumua vumbi la pamba. Tuliomba vifuniko vya pua, tukaomba madirisha. Siku ya kikao Mkurugenzi alisimama mbele yetu akasema hajaona tatizo, maana amepita yeye mwenyewe katikati ya mashine, amemsalimu kila mtu habari za kazi, na kila mtu amemjibu nzuri. Na lilikuwa kweli. Tulimjibu nzuri. Mwenzangu wa mashine ya pili alimjibu nzuri huku ameziba mdomo kwa kitambaa. Tulimzika kabla ya mvua. Nimekumbuka sauti ya yule Mkurugenzi miaka yote hii, nimeitukana katika usingizi, na siku zote nilidhani kosa lake ni uongo. Kumbe hakusema uongo. Alichukua salamu akaifanya ushahidi. Alijua, kama ajuavyo kila mtu aliyelelewa na mama, kwamba kwetu nzuri haina maana ya nzuri. Ni kufungua mlango tu. Aliyefiwa asubuhi atakujibu nzuri. Habari yenyewe inakuja nyuma yake, ukingoja: nzuri, ila mtoto ana homa. Salama, ila paa limeondoka na upepo. Ustaarabu ni kungoja. Mkurugenzi hakungoja.

Nikasimama. Dada akanishika mkono, nikahisi kucha zake.

"Daktari," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo mpaka mimi mwenyewe nikaishangaa. "Mama hajamaliza."

"Amesema hajambo, mzee wangu."

"Hiyo ni salamu. Jibu bado. Hajafika kwenye ila."

Metroni akasema sasa tunaona fujo zile zile za Jumapili, akamtuma mtu wa mazoezi akamwite askari. Mtu wa mazoezi hakuondoka haraka. Daktari akaitazama saa yake. Alikuwa bado na wagonjwa wengi, na nilimwona anatafuta namna ya kunipita bila kunigusa, maana nilikuwa nimesimama kati ya kitanda na mlango. Sikumtukana. Nilimwambia tu, kijana wangu, usinijibu mimi. Kaa umngoje yeye.

Kisha nikafunga mdomo.

Nimesimama mbele ya polisi wenye virungu, haikuwa kazi kama ile. Maneno yalinijaa mpaka kooni. Nilitaka kusema kengele, nilitaka kusema chai, bango, wazazi wenu. Mama alinitazama. Nadhani alikuwa anasubiri mkutano uanze. Mahali fulani ukumbini sahani ilianguka. Metroni akavuta pumzi na kusema, mnaona, hana la kusema. Daktari bado hajakaa. Dada aliachia mkono wangu, nikajua ameniacha peke yangu. Kumbe alikuwa anavuta kiti. Alikisukuma mpaka nyuma ya magoti ya Daktari, bila neno, kama anavyomkalisha mteja anayetaka kupimwa. Na Daktari, kwa adabu ile ile iliyokuwa ikimharakisha, akakaa.

Mama akamtazama usoni, sasa wako sawa kwa urefu.

"Nzuri, baba," akaanza upya, polepole, kama mtu anayerudia hesabu tangu juu. "Nyonga nzuri. Chuma chenu kizuri. Ila hiki kisigino, mwanangu, si changu tena."

Daktari akafunua blanketi mwenyewe. Metroni akasema wacha alete glavu, asubiri kidogo, akaambiwa anyamaze. Soksi haikutoka. Ilikuwa imeshikana na nyama. Wakaleta maji, wakailowesha, na ilipoanza kubanduka mama aliushika mkono wangu kwa nguvu ambayo nilidhani ameipoteza zamani. Hakulia. Dada ndiye aliyelia. Kisigino kilikuwa cheusi, na pembeni mwa ule weusi palikuwa na shimo, na ndani ya shimo sitasema. Ile harufu ya tunda ikasimama chumbani kama mtu.

Kidonda cha kulalia. Mguu haukugeuzwa. Haukuoshwa. Wiki baada ya wiki walimuosha uso na mabega, soksi ikakaa pale pale, na kila asubuhi mtu mwenye elimu yake alimsimamisha juu ya shimo lile, akamwambia tembea. Alipokaa chini wakasema amegoma.

"Mbona hukusema, mama?" Daktari aliuliza. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Nilisema," mama akamjibu bila hasira. "Mlikuwa mmeshafika mlangoni."

Gari la nyumba halikuwepo, limetumwa sokoni. Sikuuliza lini litarudi. Askari wa geti, yule aliyeitwa aje kunitoa, ndiye aliyemshika mama upande mmoja tukamtoa kwa kiti mpaka barabarani, na ndiye aliyesimamisha teksi kwa kusimama mbele yake. Daktari alipanda naye. Hilo nalikumbuka pia. Kumbukumbu yangu haibebi mabaya peke yake.

Hospitali tulikaa kwenye benchi. Daktari wa upasuaji alikuwa ametuambia kabla ya kuingia kwamba uozo ukiwa umefika kwenye mfupa, mguu unakatwa chini ya goti, na tutie sahihi sasa hivi ili asije akatutafuta. Dada alitia. Herufi zake, ambazo siku zote zimenyooka kama mshono, zilikwenda mlimani. Watu walipita na mashuka, na machela, na vikapu vya chakula, na kila mlango ulipofunguliwa tuliinuka wote wawili kama wanafunzi.

Wakati huo ndipo Meneja aliponipigia simu. Alisikitika sana. Alisema ni jambo la bahati mbaya, kwamba watachunguza, lakini kwa haki kabisa nielewe kwamba mgonjwa mwenyewe, kila alipoulizwa, hakulalamika. Nikamwacha amalize. Nikamuuliza na yeye, hajambo? Akasema hajambo. Nikamwambia, basi ndugu, na wewe kumbe huna tatizo lolote. Nikakata.

Mfupa haukuwa umeguswa. Walikata nyama, wakakata tena siku zilizofuata, na kisigino cha mama leo kimebonyea upande mmoja kama kiazi kilichomenywa na mtoto. Mguu haukukatwa, mama anao wake. Alijifunza kutembea pale pale hospitali, kwenye korido, ameshika mkono wa dada. Anakanyaga kwa vidole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Ngazi za kwa dada alizipanda kwa makalio siku ya kwanza, anatucheka sisi tuliokuwa tunamlilia.

Nilirudi kwenye ile nyumba mara moja kuchukua vitu vyake. Bango la getini limepakwa rangi upya. Kwenye ukuta wa mapokezi wamebandika jingine, lenye picha ya muuguzi anayetabasamu, linasema MGONJWA WETU, SAUTI YAKE. Askari alinitazama, akainua mabega.

Kitanda cha dirishani kilikuwa na mtu mwingine, amelala, soksi za kijani. Kengele imeshushwa, lakini ya upande ule tu. Bi Posta alikuwa ameketi, nywele zimechanwa, uso unang'aa kwa sabuni mpaka mabegani. Alitaka habari za mama kwanza, nikampa zote, akapiga makofi taratibu aliposikia za ngazi. Nikafunga kandambili za mama kwenye mfuko. Nilikuwa na mambo ya kwenda kufanya, na teksi inangoja nje.

"Na wewe, Bi," nikasema. "Hujambo?"

"Sijambo, mwanangu. Salama tu."

Nikaweka mfuko chini. Nikavuta kiti, nikakaa, nikauma ulimi.

Alinitazama muda. Akatazama magoti yake chini ya blanketi. Nje nilisikia teksi ikipiga honi, na ukumbini hatua laini za Metroni zikija upande wetu. Nikainuka nusu, nimfungie mlango.

"Uache wazi," akasema Bi Posta. "Na yeye aje asikie." Akajiweka sawa kwenye mto, kama mtu aliyefungua dirisha la posta asubuhi na foleni iko nje. "Salama tu, mwanangu. Ila..."